Shangazi, nichague shule ipi ya kusomea ubunifu wa michezo ya video?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 27, nimeajiriwa katika idara ya uhasibu ya kampuni ya wastani, na ninakuandikia kwa sababu jambo linaloninyima usingizi ni la aina ambayo watu wangu wa karibu watalicheka kabla sijamaliza kulieleza. Nataka kusomea ubunifu wa michezo ya video, na nataka kuusomea mtandaoni, kwa kuwa siwezi kuacha kazi wala kuhama.

Si jambo lililonijia jana. Tangu nikiwa sekondari nina madaftari ambamo huchora ramani za nchi zisizokuwapo na kuandika kanuni za nani anaruhusiwa kupita wapi na kwa gharama gani. Wadogo zangu walikuwa wakilalamika kwamba kila mchezo wa kete tuliocheza nyumbani lazima niubadilishe kanuni. Hadi leo nikicheza gemu kwenye simu najikuta nikijiuliza kwa nini aliyeitengeneza aliliweka lango pale na si hapa, na kwa nini hatua ya nne imenichosha ilhali ya tatu ilinifurahisha. Pamoja na hayo yote, sijawahi kutengeneza gemu hata moja ikaisha.

Nimepata njia tatu. Ya kwanza ni shule ya mtandaoni inayotoa stashahada kwa mwaka mmoja. Tovuti yao inapendeza, wanaahidi kumuunganisha mhitimu na waajiri, na tangu nijaze fomu yao afisa wa udahili hunipigia simu karibu kila siku. Ni mchangamfu, ananisikiliza, na hakati simu bila kunikumbusha kwamba punguzo la ada litakwisha mwisho wa mwezi huu. Ya pili ni shahada ya miaka minne ya chuo kikuu kinachojulikana, inayofundishwa yote kwa mbali. Ada yake ni kubwa mara kadhaa, na baadhi ya vipindi vya moja kwa moja vinaangukia saa tisa usiku kwangu kutokana na tofauti ya saa. Ya tatu ni kozi za bure ambazo vyuo vikuu vikubwa vimeziweka kwenye intaneti. Hizo nilizijaribu. Nilianza kwa moto, nikafika mazoezi ya mwanzo ya kuandika programu, nikakwama kwenye kosa ambalo sikulielewa, na sikurudi tena. Jambo hili linanitia aibu, na ndilo linalonifanya niamini kwamba bila shule ya kunisimamia na kunidai kazi, sitafika popote.

Kisha kuna fedha. Akiba niliyo nayo niliiweka kwa ajili ya mitihani ya kitaaluma ya uhasibu, ambayo mwajiri wangu ameahidi kunirudishia nusu ya ada nikifaulu. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyenisomesha baada ya baba kufariki, na kila tukikutana huniuliza nitaifanya lini. Najua atasema kwamba nimelichezea jasho lake. Sijamwambia chochote, na kompyuta yangu ikianza kuvuma kwa joto usiku kwa sababu nimefungua programu nzito ya kutengenezea gemu, huwa naifunga haraka kana kwamba ninafanya kosa.

Shangazi, naomba uniambie: shule ipi kati ya hizi? Na kaka nimwambie kabla ya kujiandikisha, au baada?

Ni mimi, Mwenye Madaftari

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kwa kuwa kazi unayoitamani si kazi ninayoifahamu kwa mikono yangu, nilikaa kwanza na watu wanaoifanya nikawauliza maswali mengi. (Mimi mwenyewe sijawahi kuvuka hatua ya pili ya gemu yoyote, na wajukuu wangu wanalijua hilo.) Nikikuelewa sawasawa, una tamaa ya siku nyingi, akiba iliyokwisha kupangiwa matumizi mengine, kaka unayemheshimu na kumwogopa kidogo, na mwisho wa mwezi unaokusogelea. Umeuliza shule ipi. Nitafika huko, lakini barua yako imechukulia mambo kadhaa kuwa yamekwisha kuamuliwa, na ningependa tuyatazame kabla ya ada kulipwa popote.

La kwanza ni kazi yenyewe. Shule hutumia jina la ubunifu wa michezo kwa mambo yasiyofanana: moja itakufundisha kuandika programu, nyingine kuchora wahusika na mandhari, nyingine kusimamia timu, na zote zitaweka jina lile lile juu ya cheti. Mbunifu kwa maana ya watu wa kazi hii ni yule anayeamua kanuni, na ninataka uione kazi hiyo kwa karibu. Mfikirie mhusika anayekimbia juu ya ukingo ili aruke shimo. Mchezaji akibonyeza kitufe kwa kuchelewa kidogo, mguu ukiwa umekwisha kuuacha ukingo, kanuni kali ingesema ameanguka. Wabunifu wengi humpa fremu chache za msamaha (fremu ni picha mojamoja zinazounda mwendo kwenye skrini), tuseme sita, ambazo katika gemu inayoonyesha fremu 60 kwa sekunde ni sehemu moja ya kumi ya sekunde, na ndani ya muda huo mruko bado unakubaliwa. Mchezaji haoni kitu. Anahisi tu kwamba gemu inamtii. Kuamua fremu hizo ziwe sita au tatu, kuwapa watu wengine waijaribu, kuwatazama wakikosea bila kuwasemesha, kisha kurudi kubadilisha namba moja na kuanza upya, hiyo ndiyo shughuli ya kila siku. Madaftari yako yananionyesha mtu mwenye jicho la kanuni. Hayanionyeshi kama unaipenda sehemu hii ya kurudia-rudia, na nadhani hata wewe hujapata nafasi ya kujua, kwa sababu ramani ya kwenye karatasi haijawahi kukutana na mchezaji anayeanguka shimoni.

La pili ni hiyo kozi uliyoiacha, na hapa sikubaliani nawe kwa urahisi. Umeifanya kuwa ushahidi kwamba huwezi kusoma bila msimamizi. Yawezekana ni kweli. Lakini yawezekana pia kwamba uliingilia mlango usio wako. Kozi ya bure ya Chuo Kikuu cha Harvard ya utengenezaji wa gemu, kwa mfano, huanza kwa kumtaka mwanafunzi aunde upya Pong, ile gemu ya mwaka 1972 ya vibao viwili na mpira, na huyafanya hayo kwa kudhani kwamba mwanafunzi amekwisha kupita kozi ya msingi ya kompyuta. Asiyeipitia atakwama mapema, awe mvivu au mwenye bidii. Zipo kozi nyingine, kama zile za California Institute of the Arts zilizoko kwenye tovuti ya masomo ya Coursera, ambazo huanzia kwenye kanuni, hadithi na wahusika, na chuo kikuu cha MIT cha Marekani kimeachia wazi mihadhara ya darasa lake la mwaka 2014 la kuunda michezo ya video, ambamo sehemu kubwa ya mazungumzo ni jinsi timu inavyofanya kazi na jinsi ya kuwajaribisha wachezaji. Kwa hiyo nakuuliza: ulipokwama, ulikosa msimamizi, ulikosa msingi, au ulikosa hamu? Majibu haya matatu yanaelekea njia tofauti, na ni moja tu kati yake linalotibiwa kwa kulipa ada.

Sasa shule. Maelezo ya jinsi ya kutumia programu yamejaa kwenye intaneti bila malipo, na shule inayokuuzia mihadhara ya video peke yake inakuuzia kitu ulicho nacho tayari. Kinachoadimika ni mtu mwenye uzoefu anayeicheza kazi yako na kukuandikia kwa nini haifanyi kazi. Mtu hajifunzi kushona kwa kumtazama fundi cherehani; hujifunza pale fundi anapoufumua mshono wake na kumwonyesha ulipopinda. Kwa hiyo ningemwomba yule afisa mchangamfu akupatie mrejesho mmoja halisi ambao mwalimu wao alimwandikia mwanafunzi, jina likiwa limefutwa. Ukikuta umeandikwa «kazi nzuri, endelea hivyo», umejua unanunua nini. Ukikuta umeandikwa kwamba mchezaji amekufa mara tatu mahali pamoja kwa sababu kamera inachelewa kumwonyesha shimo, na kwamba kabla ya kulifanya shimo kuwa dogo mwanafunzi ajaribu kuisogeza kamera, hapo kuna mwalimu.

Omba vilevile gemu zilizotengenezwa na wanafunzi wa mwaka uliopita, na uzicheze mwenyewe. Usikubali kuonyeshwa filamu fupi ya matangazo yake. Mwishoni mwa gemu huwa kuna majina ya waliofanya kazi. Yatafute, uone wanafanya nini leo. Kauli ya «kuunganishwa na waajiri» inaweza kuwa na maana ya mkataba wa mafunzo kazini, na inaweza kuwa na maana ya barua pepe ya kila wiki yenye matangazo ya kazi ambayo kila mtu anayaona. Waambie wakuandikie ni ipi.

Kuhusu punguzo linalokwisha, nitasema kidogo tu. Afisa wa udahili anayepiga simu kila siku anafanya kazi ya mauzo, hata akiwa na moyo mzuri, na punguzo la mwisho wa mwezi mara nyingi hurudi mwezi unaofuata likiwa na jina jingine. Kinachokuhusu zaidi ni mkataba: ukijitoa katikati, utarudishiwa kiasi gani na hadi siku gani, gemu utakayoitengeneza ukiwa mwanafunzi itakuwa mali ya nani, vipindi vya moja kwa moja vitakuwa saa ngapi kwa saa zako, na wanahitaji kompyuta ya nguvu gani. Hili la mwisho wengi huligundua baada ya kulipa, na kutokana na ulivyoieleza kompyuta yako, huenda ada si gharama pekee inayokusubiri.

Ithibati nayo isikupite. Shule ya mtandaoni ikisema imethibitishwa, swali linalofuata ni imethibitishwa na nani, kwa kuwa wapo wanaojiundia chombo cha kujithibitisha wenyewe. Kwa vyuo vya Marekani, baraza liitwalo CHEA huweka wazi orodha ya vyuo na vyombo vya ithibati vinavyotambuliwa. Kwa vya England, sajili ya Office for Students, mamlaka inayosimamia vyuo vya huko, inasomeka na mtu yeyote. Kwa nchi nyingine, mamlaka ya elimu ya juu ya nchi shule iliposajiliwa ndiyo ya kuulizwa, pamoja na ya nchi unayotarajia kuitumia stashahada hiyo. Shule isiyo na ithibati si lazima iwe ya kitapeli. Zipo nzuri zinazofundisha ufundi tu bila kudai zaidi. Lakini hiyo isikutoze ada kwa bei ya shahada.

Watazame pia wanafundisha kwa injini gani, yaani programu ambamo gemu huundwa, na kama wanakufundisha kufikiri au kubonyeza vitufe vya programu moja. Mwezi Septemba 2023 kampuni ya Unity ilitangaza kwamba itawatoza watengenezaji ada kwa kila gemu yao inaposakinishwa, baada ya kuvuka viwango fulani. Waliotegemea injini hiyo walikasirika, baadhi yao wakahamia Godot, ambayo ni ya bure na ya chanzo huria (msimbo wake uko wazi kwa yeyote) tangu 2014, na mwaka mmoja baadaye ada hiyo ilifutwa kabisa. Aliyejua misingi alihama kwa usumbufu wa muda. Aliyejua vitufe peke yake alikuwa na tatizo kubwa zaidi. Na kwa faida ya kompyuta yako inayovuma, Godot ni nyepesi kuliko injini nyingi kubwa, na unaweza kuifungua usiku huu bila kumwomba mtu ruhusa.

Shahada ya miaka minne ina uzito ambao hizo nyingine hazina. Inatambulika nje ya tasnia hii, inakupa wenzako wa kukua nao, na ikiwa siku moja utataka kuhama au kubadili kazi, karatasi hiyo itakuwa imekutangulia. Hata hivyo, miaka minne ya vipindi vya saa tisa usiku juu ya kazi ya ofisini si mzigo wa kuubeba kwa shauku peke yake. Unastahili kujua pia kwamba mwaka 2023 na 2024 studio kubwa na ndogo zilipunguza wafanyakazi kwa maelfu, na kwamba nafasi za ubunifu kwa mtu asiye na uzoefu ni chache hata katika miaka mizuri. Wengi huingia wakiwa watayarishaji programu, wachoraji au wajaribuji wa gemu, kisha wakasogea. Ndiyo maana baadhi ya niliozungumza nao walisema kwamba kama ni kulipia shahada, wangelipia ya sayansi ya kompyuta na kujifunza ubunifu pembeni. Mwingine alipinga vikali, akasema angeichukia sayansi ya kompyuta na kuiacha mwaka wa kwanza. Sikuweza kuwapatanisha, nami sitajifanya ninajua wewe ni wa upande upi.

Ipo njia moja ambayo haimo katika barua yako, nayo ni mashindano ya kutengeneza gemu ndani ya siku chache. Global Game Jam hufanyika kila mwaka tangu 2009, na kwenye tovuti ya itch.io mashindano madogo ya aina hiyo hupatikana mwaka mzima, mengi yakiwa bila kiingilio. Unapewa mada, unatengeneza kitu kidogo sana, muda unakwisha, kisha washiriki huchezeana kazi zao na kuandikiana maoni. Kwa mtu ambaye hajawahi kumaliza gemu, tarehe ya mwisho iliyowekwa na wengine inaweza kumjibu swali ambalo mwaka mzima wa stashahada usingelijibu. Nisikufiche hatari zake: msisimko wa siku mbili unaweza kukudanganya kwamba unaipenda kazi ya miaka, na maoni ya washiriki wenzako hayalingani na ya mwalimu. Wala hutoki na cheti. Na ukijaribu ukaona hukufurahia, itakuuma, kwa sababu ndoto uliyoitunza tangu sekondari itakuwa imepata jibu ambalo hukulitaka.

Nimeliacha la kaka yako mwisho kwa makusudi, kwa kuwa nadhani ndilo lililokufanya uandike. Umesema unajua atakachosema, lakini hukuniambia kwamba umewahi kumgusia. Huenda unamjua vizuri kuliko nimjuavyo, na atakasirika kama unavyotabiri. Ila mtu aliyekusomesha ana maswali ambayo hata mimi nimekuuliza humu: utalipa nini, utapata nini, usipofanikiwa utarudi wapi. Ukimwendea ukiwa na majibu ya shule mkononi, pamoja na kitu kidogo ulichokimaliza ambacho anaweza kukishika na kukicheza kwa dakika tano, mazungumzo yatakuwa tofauti na ukimwendea na jina la shule na tarehe ya punguzo. Ukimwambia baada ya kujiandikisha, utakuwa umejiepusha na katazo lake, lakini atakuwa na mambo mawili ya kukasirikia: michezo, na kwamba ulimficha. Akiba ni yako, na sisemi anayo haki ya kuizuia. Nasema tu kwamba woga wa kuifunga kompyuta kila inapovuma una gharama yake katika masomo yoyote, na hakuna shule itakayokuondolea.

Katika siku zilizobaki za mwezi huu kuna swali moja dogo ambalo ningeliuliza kabla ya kumpigia simu mtu wa udahili. Muulize afisa rasilimali watu kazini kwako kama ile ahadi ya kurudishiwa nusu ya ada ya mitihani ina ukomo, au itabaki palepale ukiifanya katika msimu unaofuata. Ikiwa ina ukomo, unachagua kati ya uhasibu na michezo, na uchaguzi huo unahitaji muda zaidi kuliko unaopewa na punguzo. Ikiwa haina, basi unachopanga ni kipi kitangulie, na hilo hata kaka yako anaweza kukaa nawe mkalijadili.